Swali la lugha: "Tunaenda kumsifu Bwana", tunaenda wapi?

Dada mmoja anayeongoza mapambio kanisani kwao kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi nikishika maiki huwa naanza na 'Bwana asifiwe', ila mchungaji wetu mpya yeye anasema 'Bwana apewe sifa' na kaniambia ya kwangu haijakamilika. Ipi sahihi? Maana Jumapili kwenye kipindi cha sifa tunaenda kumsifu Mungu na sitaki nikosee."

Marahaba mwanangu. Zote mbili ni sahihi, endelea na yako. Asifiwe ni kusifu hukohuko, apewe sifa ni jambo lilelile limezungushwa kidogo, na neno sifa lenyewe tumelipata kwa Waarabu, kwao ni namna kitu kilivyo, ndo maana mpaka leo tangazo la kazi lina "sifa za mwombaji". Hakuna kilichopungua.

Ila hiyo sentensi yako ya mwisho siwezi kuiacha ipite. Tunaenda kumsifu Mungu! Siku hizi sijui kama kuna ibada inayoisha bila hiyo kitu. Tunaenda kuabudu, tunaenda kuomba, Bwana anaenda kukuinua, Mungu anaenda kufungua milango, na muda wote huo watu wamesimama palepale mbele ya viti vyao, hakuna aliyeinua hata mguu. Na huyo Mungu anayeenda, anaenda wapi jamani, wakati Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 18:20 anasema walipo wawili watatu kwa jina lake "nami nipo papo hapo katikati yao"?

Nadhani imetuingia kupitia mikutano ya injili. Mhubiri anahubiri Kiingereza, mkalimani anakimbizana naye, na kwa Kiingereza kitenzi cha kwenda kinabeba pia jambo ambalo bado halijatokea, basi mkalimani anakishusha vilevile kilivyo, wasikilizaji wanaona ndo lugha ya kiroho, wanaibeba mpaka nyumbani.

Kwa Kiswahili ukisema unaenda kufanya kitu, tunategemea uondoke. Fungua Mwanzo 22 kwenye Biblia ya Union ya 1952, huo mfano naupenda kuliko yote. Ibrahimu anawaambia vijana wake wabaki na punda, "mimi na kijana tutakwenda kule, tukaabudu". Huyo kweli anakwenda! Ametembea mpaka siku ya tatu ndo akapaona mahali penyewe kwa mbali, kuna mlima mbele yake, na Isaka anabebeshwa kuni za sadaka. Halafu tazama hiyo -ka- ya tukaabudu, inakuonyesha kabisa kwamba kwanza watu wanafika halafu ndo wanaabudu. Zaburi ya 122 nayo, "Na twende nyumbani kwa BWANA", ni watu wana safari ya Yerusalemu. Sasa nyie mlioshafika, mko ndani, mmekaa, kinanda kinalia, mnaenda wapi tena?

Kama unataja jambo la mbele tunayo -ta-, haijawahi kushindwa kazi. Zaburi 34 inaanza "Nitamhimidi BWANA kila wakati". Jaribu kuisoma "Ninaenda kumhimidi Bwana kila wakati", isome kwa sauti kabisa, utasikia mtu anayeaga. Na kama unawaita watu waanze sasa hivi, lugha ina njia fupi na tamu kuliko zote: tumsifu, tuabudu, tuimbe. Wakatoliki wanasalimiana "Tumsifu Yesu Kristo" na hapohapo unajibiwa "Milele na milele, amina", sifa imeshatoka, imeshapokelewa. Waebrania 13:15 inasema "na tumpe Mungu dhabihu ya sifa daima". Walutheri wa Tanzania nao wana kitabu cha nyimbo walichokiita Mwimbieni Bwana, neno linakuamuru ufungue mdomo.

Hapo ndo panaponiuma, wala si sarufi tu. Nimekaa kwenye ibada ambapo kiongozi ametangaza tunaenda kumsifu, tunaenda kumwinua, tunaenda kumtukuza, dakika zinakatika, watu wamesimama wanangoja, wimbo hauanzi. Sifa imegeuka tangazo la sifa. Angesema tumsifu mara moja tungekuwa tumeshafika kiitikio.

Najua kuna watakaoniambia lugha inakua, na ni kweli, hata hiyo -ta- wataalamu wanasema ilizaliwa kutoka kitenzi cha kutaka, kikafupishwa mdomoni mpaka kikabaki silabi moja. Kwa hiyo huenda wajukuu zetu wataona "anaenda kubariki" ni kitu cha kawaida kabisa, sitawazuia. Na mtangazaji wa mpira akisema mchezaji anakwenda kupiga kona sina ugomvi naye, maana yule mchezaji kweli anatembea mpaka kwenye kibendera. Lakini kutumia kwenda kwa kila kitu wakati -ta- ipo na tumsifu ipo, huo ni uvivu wa kusikiliza lugha yako mwenyewe.

Kwa hiyo mwanangu, Jumapili ukishika maiki sema "Bwana asifiwe", wakiitikia sema "tumsifu", anza wimbo. Ile twende itunze mpaka Jumapili ya Matawi, mkiwa nje na makuti mikononi mnataka kuandamana kuelekea kanisani, hapo waambie "twende tukamsifu Bwana" na mimi nitaitikia kwa sauti kubwa.