Sadaka si ndugu wa msaada

Swali: Mimi ni mfasiri. Mwenzangu anashikilia kwamba neno "sadaka" limetokana na "msaada", kwa kuwa anayetoa sadaka anasaidia. Mimi naona linafanana zaidi na "sadiki". Nani yuko sahihi? Na je, ninaweza kuandika "sadaka" popote panapotajwa watu waliochangia wenye shida?

Jibu: Sikio lako limekuongoza vizuri. "Sadaka" na "msaada" yote mawili yametoka Kiarabu, ila kila moja lina mzizi wake, na ushahidi umo katika tahajia yetu wenyewe. Tazama hizo "a" mbili za "msaada". Kiarabu chake ni musā'ada, na kati ya irabu hizo ilikuwepo aini, sauti ya kooni ambayo Kiswahili hakina. Aini ikadondoka, irabu zikakutana. Ndivyo ilivyokuwa kwa "saa" na "jamaa" pia. "Sadaka" haina aini ya kudondosha. Herufi zake za mzizi ni swadi, dali na qafu; qafu ikawa "k" kama ilivyokuwa katika "kalamu" na "wakati".

Kilichomchanganya mwenzako ni "s". Mzizi wa "msaada" una sini, wa "sadaka" una swadi, nasi tunazitamka zote kwa "s" moja. Mara chache swadi huacha alama ya "sw", na hapo ndipo utawakuta ndugu halisi wa sadaka. Mtu akisema jambo la kweli tunamwambia "swadakta!" Hicho ni kitenzi kizima cha Kiarabu, maana yake "umesema kweli". (Kwao mwanamke angeambiwa "swadakti", sisi hatukujisumbua na jinsia, tukachukua moja kwa wote.) Mzizi huohuo ndio uliotupa "sadiki" na jina la mtu Sadiki.

Basi kutoa kumeingiaje kwenye ukweli? Maelezo ya wanazuoni wa Kiislamu ni kwamba anayetoa kwa hiari anaonyesha kuwa imani anayoitamka ni ya kweli. Kuna hadithi ya Mtume Muhammad inayosema sadaka ni uthibitisho. Kiebrania nacho kina tsedaka, ya mzizi unaolingana na huo, lakini chenyewe kimeelemea upande wa haki na uadilifu. Wapo wanaisimu wanaoona kwamba maana ya kutoa iliingia katika Kiarabu kupitia lugha za Wayahudi. Kwangu hoja hiyo ina uzito, ingawa haibadilishi lolote katika Kiswahili.

Sasa matumizi, na hapa ndipo wafasiri wengi hujikwaa. Kwa Mwislamu, zaka ni faradhi yenye kiwango: kwa fedha, kwa mfano, ni asilimia 2.5 ya zile zilizofikia nisabu (kima cha chini kinachowajibisha zaka) na kutimiza mwaka. Sadaka ni ya hiari. Lakini usiuchukue mpaka huo kama ukuta, maana sura ya At-Tawba, aya ya 60, inapotaja wanaostahili zaka, neno lililotumika ni wingi wa sadaka. Kwa Mkristo, zaka ni fungu la kumi, na sadaka ni kile anachotoa ibadani. Zaidi ya hapo, Biblia ya Kiswahili ina "sadaka ya kuteketezwa", yaani mnyama juu ya madhabahu, maana ambayo sadaqa ya Kiarabu haina. Kwa hiyo kabla ya kuandika "zaka", hakikisha unajua anayezungumza ni wa dini gani.

Kuhusu "popote", hapana. Sadaka hutolewa kwa ajili ya Mungu. Ikiwa matini yako inahusu shirika lisilo la kidini linalokusanya fedha za waathirika wa mafuriko, andika "michango" kwa kinachotolewa na "msaada" kwa kinachowafikia. Ukiandika "sadaka", msomaji ataanza kuuliza ni msikiti gani au kanisa gani lililozikusanya.