Lisbon hadi Helsinki: mbona kwenda ni mbali, kurudi ni karibu?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Mwanangu anasoma Lisbon na Julai atakwenda Helsinki. Tiketi yake inasema ataondoka 10:00 na kufika 16:30. Kurudi ataondoka 17:25 na kufika 20:25. Yaani kwenda saa sita na nusu, kurudi saa tatu tu! Umbali wenyewe ni kilomita ngapi? Halafu kuna tiketi ya bei nafuu inayopitia London, aichukue?
Mama wa mwanafunzi, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Tiketi haina kosa, mama. Kila saa iliyoandikwa hapo ni ya mji husika, na Helsinki iko mbele ya Lisbon kwa saa mbili, kiangazi na baridi. Njia rahisi ni kugeuza zote ziwe saa za Dar. Julai Helsinki iko sawa na sisi, Lisbon iko nyuma yetu kwa saa mbili. Basi ataondoka Lisbon saa sita mchana ya huku, atue saa kumi na nusu jioni: saa nne na nusu. Kurudi ataruka saa kumi na moja na dakika 25 jioni na kutua saa nne na dakika 25 usiku: saa tano kamili. (Angekwenda Januari, Lisbon ingekuwa nyuma yetu kwa saa tatu na Helsinki kwa saa moja. Wenzetu husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatusogezi.)

Hiyo nusu saa inayozidi wakati wa kurudi ni ya upepo. Juu kule, katika anga ya Ulaya, upepo kwa kawaida huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege ya mwendo wa kilomita 840 kwa saa ikisukumwa na upepo wa 60, ardhini inakata 900. Ikikutana nao kama mbisho, inabaki na 780.

Umbali wa moja kwa moja ni kilomita 3,360 hivi, karibu mara nne ya Dar hadi Mwanza kwa ndege. Katikati ya njia panaangukia Ubelgiji. Kwa makadirio ya haraka gawa kilomita kwa 800, kisha ongeza nusu saa ya ndege kutembea uwanjani, kupanda na kushuka. Hapa utapata saa nne na dakika 42, na tiketi zake zote mbili ziko jirani na hapo.

Kuhusu London, tungesita. Ureno na Finland zote zimo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao, kwa hiyo ndege ya moja kwa moja haina ukaguzi wa pasipoti mpakani. Akipitia London anahesabiwa ametoka Schengen pale Lisbon na kuingia upya Helsinki. Kama hana kibali cha ukaazi cha Ureno, na viza yake ni ya kuingia mara moja, itakuwa imekwisha kazi pale Lisbon. Helsinki hawatamruhusu, na huenda shirika la ndege likamkatalia hata kupanda. Aulize pia mapema kama atahitaji viza ya kupitia Uingereza. Akitaka bei nafuu, atafute inayounganisha Frankfurt, Amsterdam au Copenhagen, ambako bado yumo ndani ya Schengen. Na safari yote iwe kwenye tiketi moja: akinunua mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa, ya pili haimsubiri wala harudishiwi nauli.