Mafundi Wanajibu: Kava la Injini Ling'ae Hadi Ujione

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Nkuhungu, Dodoma. Nimefungua kava la klachi, la aluminiamu, nataka ling'ae kama kioo. Nilisugua kwa msasa namba 180, nikafuata na 600, nikamalizia kwa polishi ya maji na kitambaa. Linang'aa, ila nikiligeuza juani naona mikwaruzo tele. Kila nikiongeza polishi, haiondoki. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu, hiyo mikwaruzo ni ya ule msasa 180 (namba ndogo ni msasa mkali, namba kubwa ni laini). Ilikuwepo muda wote. Msasa 600 uliifunika kwa ukungu wake, na polishi ilipoondoa ukungu, ikajitokeza. Chembe za polishi ni laini mno. Zinafuta alama za msasa 1500 au 2000, lakini mfereji uliochimbwa na 180 haziuwezi hata usugue wiki nzima. Kioo kinatengenezwa kwenye msasa.

Kwa hiyo rudi nyuma. Anza na 320, au 240 kama bado kuna makovu ya kuanguka. Kisha 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000. Kuruka kutoka 180 hadi 600 ndiko kulikokuponza: usipande zaidi ya maradufu ya namba uliyotoka nayo. Kabla ya yote, hakikisha vanishi ya kiwandani imetoka yote. Ikibaki kipande, hapo patakuwa na doa la manjano lisilong'aa.

Nunua msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia mafundi rangi wa magari. Uzungushie kipande cha raba kilichokatwa kwenye kandambili kuukuu, kwa sababu vidole vitupu huchimba mabonde, na bonde kwenye kioo huonekana kama wimbi. Lowesha kwa mafuta ya taa badala ya maji. Aluminiamu ni laini, hunata kwenye msasa, na hayo madonge yaliyonata hukwaruza kuliko msasa wenyewe. Kaa mbali na jiko na sigara, hewa ipite.

Kila ukibadili namba, badili mwelekeo. Kama 320 ulisugua kulia na kushoto, 400 sugua juu na chini. Hapo utaona wazi mistari ya zamani inavyokatwa na mipya. Mistari ya zamani ikishatoweka yote, endelea tena kwa muda kama huohuo, maana kina cha mkwaruzo ni kirefu kuliko macho yanavyokuambia. Kagua kwa tochi ya simu iliyolazwa pembeni. Taa ya juu inaficha makosa.

Sasa jambo la Dodoma hasa: vumbi. Mchanga wetu umejaa kwazi, zile chembe ngumu za mawe (quartz), na kwazi ni ngumu kuliko aluminiamu kwa mbali. Chembe moja ikidondoka kwenye msasa 1500, inakurudisha 400. Miezi ya upepo, Juni hadi Oktoba, kazi ya namba za juu isifanyike uani. Ingia ndani, mwagia sakafu maji kidogo, fanya asubuhi kabla upepo haujaanza. Kati ya namba na namba osha kava, mikono na raba kwa sabuni, kisha badili kitambaa. Maji ya visima vyetu yana chumvichumvi, kwa hiyo futa palepale. Ukiacha yakauke yenyewe yataacha madoa meupe.

Baada ya 2000, funga gurudumu la kitambaa cha pamba la inchi 4 kwenye drili ya mizunguko 2,500 hadi 3,000 kwa dakika. Usilifunge kwenye grenda ya inchi 4½. Grenda huzunguka takriban mara 11,000, na gurudumu lisilotengenezwa kwa kasi hiyo hupasuka. Tumia polishi ngumu ya mche: ya kahawia kwanza, halafu nyeupe, kila moja na gurudumu lake. Rangi hizi hutofautiana kwa watengenezaji, kwa hiyo muulize muuzaji ipi ya kukata na ipi ya kumalizia. Igusishe polishi kwenye gurudumu linalozunguka kwa sekunde moja au mbili tu. Ikizidi, inaacha utando mweusi. Kwenye kingo, gurudumu lizunguke likitoka nje ya ukingo. Likizunguka kuelekea ndani, litanasa na kulirusha kava. Vaa miwani na barakoa, na glavu za kitambaa zikae mbali na kitu kinachozunguka.

Mafuta ya polishi yaliyobaki yanyonye kwa unga mkavu wa ngano na kitambaa laini, halafu paka nta ya magari. Usioshe kava kwa magadi wala majivu, yanafifisha aluminiamu.

SWALI: Nina meza ya stenlesi ya mgahawa hapa Manyoni. Fundi alichomelea mguu, pakabaki rangi ya bluu. Nikasugua kwa stilwaya, sasa pana kutu. Nimeuziwa feki?

JIBU: Si lazima, mama. Stilwaya ni chuma cha kawaida. Imeacha vipande vidogo juu ya meza, na hivyo ndivyo vinavyoshika kutu. Sumaku nayo haitoi hukumu, kwa kuwa kuna stenlesi halali zinazovutwa na sumaku na nyingine hazivutwi.

Ile bluu ni ya moto, na chini yake stenlesi imedhoofika, kwa hiyo iondolewe yote. Tumia msasa mpya ambao haujagusa chuma kingine, namba 180 kisha 240, ukifuata mistari ya kiwandani. Kioo kwenye meza ya jikoni hatukishauri: kisu cha kwanza tu kitakiharibu. Ukishasuuza, koroga gramu 100 za asidi ya sitriki ya unga kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, lowesha kitambaa, kiache palepale dakika 20 hadi 30, kisha suuza na ukaushe. Dawa ya kuondoa madoa ya nguo yenye klorini isiguse meza hiyo, huitoboa vishimo.

SWALI: Usukani wa baiskeli yangu wa kromu umeshika kutu. Nianze na msasa namba ngapi? Msomaji, Kondoa.

JIBU: Namba yoyote ni kosa. Tabaka la kromu kwa kawaida halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Finyanga foili ya kufungia vyakula, ichovye majini, sugua kutu polepole. Foili ni laini kuliko kromu. Palipobanduka, kromu hairudi ila kwa kupakwa upya kiwandani, kwa hiyo paka nta kuzuia kutu isitambae.