Maswali ya Wasomaji: Maporomoko ya Karibu na Ngazi ya Samaki

SWALI: Mhariri, salaam. Mama mkwe wangu anakuja kutoka Singida wakati wa likizo ya Juni, na ameomba tumpeleke kuona maporomoko ya maji kabla hajarudi. Umri wake umepita miaka 70 na goti moja linamsumbua, ingawa bado anatembea mwenyewe kwa bakora. Watoto nao wameona kwenye televisheni samaki wakipanda ngazi ya maji kando ya maporomoko huko ng'ambo, na sasa wanataka niwaonyeshe ngazi kama hiyo hapa Kilimanjaro. Je, ipo njia fupi isiyochosha? Na hiyo ngazi ya samaki ni kitu gani hasa?
Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Dada msomaji, mpeleke mama Kinukamori, kule Marangu. Wengi watakutajia Materuni, iliyoko Uru, kwa sababu iko karibu zaidi na mji na maji yake huanguka kutoka kimo cha mita 80 hivi, na kwa kijana mwenye miguu mizima nami ningemshauri aanzie huko. Lakini njia ya Materuni hupanda na kushuka bondeni kwa dakika 40 au zaidi kila upande, na karibu na maji mtu hulazimika kukanyaga mawe yenye unyevu. Mwenye goti bovu haumizwi sana na umbali. Huumizwa na mteremko, hasa wakati wa kurudi akiwa amechoka.

Kutoka Moshi mtapanda gari la Marangu Mtoni kupitia Himo, safari ya kilomita 40 hivi, na kutoka Mtoni hadi Kinukamori ni mwendo mfupi ambao mama akiona vigumu anaweza kwenda kwa bajaji. Uzuri wa mahali hapa ni kwamba huhitaji kufika chini ili uyaone maji. Mama anaweza kukaa juu na kutazama, na watoto wakashuka na mtu mzima mpaka yanapoangukia. Hapo juu mtakuta sanamu ya binti na chui. Wenyeji watawasimulia habari za Makinuka, binti aliyekuja kujitupa majini kwa kuogopa adhabu ya kupata mimba kabla ya ndoa, akaghairi, kisha alipogeuka kurudi nyumbani akakutana na chui. Mama apewe nafasi ya kuisikiliza simulizi hiyo kwa utulivu, kwa kuwa naamini kwake itakuwa na uzito kuliko picha mtakazopiga.

Nendeni asubuhi, watoto wavae raba zenye meno badala ya kandambili, na mama asiache bakora yake kwenye gari. Masika yatakuwa yamekwisha, kwa hiyo njia itakuwa imeanza kukauka na maji bado ni mengi, ila mawe ya kando ya mto huwa na ukoga mwaka mzima. Jambo ambalo nakuomba ulishike kuliko yote ni hili: mvua ikinyesha juu mlimani, mto unaweza kujaa huku mlipo kuna jua. Mkiona maji yanabadilika rangi na kuwa ya udongo, au yanaanza kuleta majani na vijiti, watoto watoke mtoni papo hapo, bila kungoja kuaga.

Sasa ngazi ya samaki. Wako samaki ambao maisha yao hayatimii bila safari. Samoni wa nchi za baridi huzaliwa mtoni, huenda baharini kukua, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Watu wakiziba mto kwa bwawa, samaki huyo hufika ukutani na kukwama. Ndipo hujengwa kando ya ukuta mfululizo wa vidimbwi, kila kimoja kikiwa juu kidogo ya kilichotangulia, na maji yakaachwa yateremke humo bila kukoma. Waonyeshe watoto zile ngazi watakazoshukia Kinukamori: kimo ambacho hakuna awezaye kukiruka kwa mara moja kimegawanywa katika hatua ndogo, na samaki hutendewa vivyo hivyo.

Mfano unaojulikana sana uko Pitlochry, Uskoti, kwenye bwawa la umeme la mto Tummel. Ngazi yake ina urefu wa mita 310 na vidimbwi 34, vinavyopishana kimo kwa nusu mita hivi, na vitatu kati yake vimefanywa vikubwa ili samaki wapumzike. Si lazima samaki aruke, kwa kuwa kuna matundu chini ya maji ya kupita kutoka kidimbwi kimoja hadi kingine. Kazi ngumu kwa mafundi ni mlango wa chini: samaki hufuata mkondo, kwa hiyo maji yanayotoka kwenye ngazi yasipokuwa na nguvu ya kutosha, atakaa akihangaika chini ya bwawa na hataugundua mlango ulio ubavuni mwake.

Hapa Kilimanjaro, dada, sijui maporomoko yoyote yenye ngazi ya namna hiyo. Waambie watoto hivyo kabla hamjaondoka nyumbani, wasije wakaitafuta siku nzima.

SWALI: Mhariri, kwa nini tusijenge ngazi ya samaki kwenye maporomoko yetu, ili samaki wafike juu na watalii waongezeke?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, ngazi huweza kujengwa hata kwenye maporomoko ya asili. Maporomoko ya Willamette, katika jimbo la Oregon huko Marekani, yana kimo cha mita 12 hivi, na ngazi inayotumika sasa ilikamilika mwaka 1971. Lakini huko wapo samoni wanaotafuta njia. Maporomoko yetu ya milimani yamesimama tangu kale, na viumbe wa juu na wa chini wamezoea kuishi mbalimbali; ukiwafungulia mlango, huenda ukapandisha samaki wageni na kuwamaliza wadogo walioko juu.

Swali lako linastahili kuulizwa kwenye mabwawa na kwenye kuta za kuchepusha maji ya umwagiliaji, kwa maana nasi tunao samaki wasafiri. Ningu wa Ziwa Victoria hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga. Mikunga wa mito yetu inayoelekea Bahari ya Hindi huzaliwa baharini, na wachanga wao hupanda mito, hata kwa kutambaa kwenye miamba yenye unyevu. Kila mradi mpya unapoletwa kijijini, mhandisi aulizwe mbele ya mkutano ni samaki gani wanapita hapo, wanapita miezi gani, na ni maji kiasi gani yataachwa mtoni wakati wa kiangazi.