Taa 40 kwa laini moja ya DMX
Je, programu mpya ya meza ya kuongozea taa inaweza kufanya taa 40 za jukwaani, za chaneli 16 kila moja, zienee kwenye laini moja ya DMX? Hapana, hazienei, hata programu iwe mpya kiasi gani. Chaneli ni namba inayoongoza jambo moja la taa, kama mwangaza au rangi. DMX512, yaani mfumo wa kupeleka amri kutoka kwenye meza hadi kwenye taa, hubeba chaneli 512 tu kwa laini, ambazo ukizigawa kwa 16 unapata taa 32, na mfumo wa umeme wa RS-485 unaoibeba nao huishia kwenye vifaa 32 vya kawaida kwa waya mmoja. Nilipofunga taa Ngome Kongwe, zile 8 zilizozidi nilizipeleka laini ya pili. Taa mbili zinaweza kupewa anwani moja (namba ya chaneli ya kwanza ya taa), ila zitafanya kitu kile kile daima. Kila laini imalizie kwa rezista ya omu 120.