Mdogo wangu mwenye laki sita, hiyo simu niliitafuta miaka mitatu

Jumatatu usiku, nikiwa nahesabu bisibisi kabla ya kufunga, uliingia ujumbe wa msomaji mmoja wa Morogoro: "Kaka, habari za kazi. Nina laki sita. Nataka simu mpya lakini nijichagulie mwenyewe vitu vya ndani. Kamera ya maana, betri kubwa, RAM ya kawaida tu inanitosha. Wapi wanaunga kwa oda, kama unavyompelekea fundi cherehani kitambaa?"

Nilicheka peke yangu kibandani. Halafu kicheko kikakata, maana huyo kijana ni mimi wa mwaka 2013.

Mwaka huo nilikuwa nimekaa kwenye meza ya mtu, mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Kazi yangu ilikuwa kubadili vioo na sehemu za chaji, hela ya jioni tunagawana na mwenye meza. Septemba kijana mmoja wa Kiholanzi, Dave Hakkens, akatoa video ya wazo lake aliloliita Phonebloks. Simu yenyewe ni kama kibao chenye matundu. Kamera ni kipande, betri ni kipande, spika kipande, vyote vinachomekwa. Kamera ikifa unachomoa kamera, simu inabaki. Niliitazama mara nne kwenye simu ya mteja iliyokuwa mezani, tena kwa bando lake, Mungu anisamehe.

Kabla Oktoba haijaisha Motorola, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya Google, ikatangaza mradi wake wa simu ya namna hiyohiyo: Project Ara. Nikachanganyikiwa kabisa. Mimi nilikuwa nashinda nachubua gundi za watu, halafu naambiwa kuna simu inayofunguka kama sanduku la dagaa! Nilimhubiria kila mteja. Nilisema kazi ya ufundi inakufa, sasa hivi tutauza vipande kama tunavyouza kava. Wenzangu wakanibatiza jina: Vipande.

Jina lenyewe halikuniuma. Kilichoniuma ni hiki. Mwenzangu wa meza ya pili aliniita pembeni mwanzoni mwa 2015, akasema tuchange, tulete mzigo wa vioo vya simu zinazouzika. Nikakataa. Januari hiyo Google walikuwa wametangaza kwamba Ara itaanza kuuzwa kwa majaribio Puerto Rico mwaka uleule, sasa mimi vioo vya nini? Hela yangu ilikaa kwenye kibubu inasubiri vipande. Mwenzangu alileta vioo peke yake. Leo ana fremu mbili za duka, na nikipita bado ananipigia kelele: "Vipande!" Nacheka naye. Ila moyoni nakijua ninachokijua.

Puerto Rico ikafutwa. Wakasema 2016. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipozima simu bandia, watu wakamiminika Kariakoo kutafuta simu zinazoeleweka, kila mwenye mtaji akala, mimi bado nasubiri. Na hapo mwezi mmoja kabla, Google walishaonyesha Ara iliyobadilika: prosesa (ubongo wa simu), kioo na betri vimegandishwa ndani ya fremu, kilichobaki ni matundu sita ya vikorokoro. Mtu mwenye akili timamu angeelewa palepale kwamba wazo limeshakufa. Mimi nilijiambia matundu sita si haba. Septemba wakaufuta mradi. Habari niliisoma nimesimama kwenye daladala ya Mbagala, mkono mmoja umeshika bomba, nikapitiliza kituo.

Ungedhani nimekoma. Hapana. Nikasema kama wao wameshindwa, mimi nitafanya kwa mkono.

Kuna mama mmoja muuza vitenge, mteja wangu wa siku zote. Simu yake ilikuwa na nafasi ya GB 16, imejaa mpaka haipokei picha. Nikamwambia, mama, usinunue nyingine, hii nitaigeuza iwe ya 64. Elfu sabini tu. Nilishaangalia video za kutosha, nilikuwa na blowa nzuri ya kupuliza hewa ya moto, na nilikuwa na kiburi.

Chipu ya memori ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, lakini kwa chini imekaa juu ya vidoti 153 vya risasi ya kulehemu. Kimoja kisiposhika vizuri, huna simu. Niliibana bodi, nikapuliza moto taratibu mpaka risasi ikang'aa, nikainyanyua chipu ya zamani kwa kibano huku nimeshika pumzi. Vitu vya mama nilishavihamishia kwenye chipu mpya. Nikaikalisha, nikapuliza tena, nikaacha ipoe. Nikawasha. Iliwaka! Mama alipoona 64 kwenye kioo alipiga kigelegele mpaka meza za jirani wakageuka. Siku hiyo niliwaangalia wote waliokuwa wananiita Vipande, mmoja mmoja.

Siku ya tisa simu ikazima moja kwa moja. Chipu niliyouziwa kama mpya ilikuwa imechomolewa kwenye simu nyingine iliyokufa. Na ile ya zamani, yenye kila kitu cha yule mama, nilikuwa nimeifagia pamoja na vumbi la meza. Humo ndani kulikuwa na picha za daftari lake la madeni, kila ukurasa, kwa sababu daftari lenyewe liliwahi kulowa akaamua kulipiga picha. Hakunitukana. Alikaa kwenye stuli yangu, akaishika ile simu kama mtu ameshika kuku mfu, akasema: "Mwanangu, simu yangu ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa inawajua ninaowadai."

Nilimlipa simu nyingine kwa miezi minne. Ya katikati hapo hayana utamu, nayaruka.

Sasa twende kwenye swali lako, maana nimelisomea kwa ada kubwa. Kwa nini kiwanda hakikuungii simu kama fundi cherehani? Kwa sababu kitambaa hakijali kifungo gani umeshonea. Simu inajali. Ukifungua simu nyingi za leo utakuta RAM, ile memori ya kufanyia kazi, imelazwa juu ya prosesa, zimegandana kama chapati mbili zilizopikwa pamoja. Huwezi kusema nipe prosesa hii na RAM ile wakati vimeshakuwa kitu kimoja. Kamera nayo si jicho tu, ina programu yake inayoijua lenzi ile na si nyingine, ndiyo maana kamera ya megapikseli nyingi ikiwekwa kwenye simu isiyoijua haitoi hata picha ya kitambulisho. Ukitaka kila kitu kichomoke, kila kipande kinataka gamba lake, kiungio chake na nafasi yake, na simu inanenepa. Wateja haohao wanaotaka vipande wanataka na simu nyembamba isiyoingiza maji.

Halafu piga hesabu ya duka. Vioo vya aina tatu, kamera tatu, betri tatu, memori tatu: hapo tayari una simu 81 tofauti. Nani atazijaribu zote kama zinashika mtandao? Nani atapeleka kila moja ikaidhinishwe na mamlaka za mawasiliano za kila nchi? Na zile ambazo hazikununuliwa zilale stoo ya nani?

Waliojaribu walijaribu kweli, siwadharau. Motorola hiyohiyo mwaka 2013 ilikuwa na Moto X, unaingia mtandaoni unajichagulia, wanakuungia Fort Worth, Texas. Lakini unachagua nini? Rangi ya mgongo, rangi ya mbele, ukubwa wa memori, baadaye mgongo wa mianzi. Prosesa ileile, kamera ileile. Kiwanda kile kilifungwa 2014. Mwaka 2016 LG ikaja na G5 yenye kitako cha kuchomoa, Motorola ikaja na Moto Z yenye migongo ya kubandika: spika ya JBL, kamera ya Hasselblad, hata projekta. Vitu vizuri, ila hivyo ni kumvalisha mtu koti. Moyo hujamchagulia.

Waliokaribia kuliko wote ni Fairphone wa Amsterdam. Mwenye Fairphone 3 ya 2019 alikuja kuuziwa, mwaka 2020, kamera za Fairphone 3+, akafungua kwa bisibisi iliyokuja kwenye boksi, akatoka megapikseli 12 kwenda 48 mezani kwake bila blowa. Hiyo ndiyo ndoto yangu ya 2013 iliyotimia, ila angalia ilivyotimia: kampuni moja, simu moja, kipande ambacho wao wenyewe wamekipima. Na soko lake kubwa ni Ulaya. Laki sita yako haifiki huko.

Kwa hiyo nikishauri, nashauri hivi. Acha kuuliza "naweza kuchagua nini?" Uliza inafunguka? Dukani, kabla hujatoa hela, muulize muuzaji: hii inafunguka? Betri yake ipo mtaani? Kioo chake kipo shilingi ngapi, si mwakani, leo? Kama muuzaji anababaika, vuka barabara umuulize fundi, fundi hana haya, atakwambia. Angalia kama ina nafasi ya memori kadi, maana hiyo ndiyo sehemu pekee ya ndani ambayo bado unajichagulia kwa elfu kadhaa bila kuunguza kitu. Angalia laini mbili. Na uliza tena inafunguka? Simu iliyobandikwa gundi mbele na nyuma, yenye kioo kinacholeta onyo ukikibadilisha, hiyo si yako, umekodi. Ulaya wameshatunga sheria, ya 2023, kwamba kuanzia Februari 2027 mwenye kifaa aweze kutoa betri mwenyewe, ingawa ina milango ya kutokea. Sisi tunasubiri ya kwetu.

Na kama na wewe, kama mimi, una ndoto ya kuwa na meza yako ya ufundi, basi nisikilize kama kaka yako. Usikatae mzigo wa vioo kwa sababu ya video. Usifagie chipu ya mtu. Vijana mnapenda teknolojia ya kesho wakati mteja amesimama mbele yenu na simu ya leo, hamumuoni. Mimi nilimwona yule mama siku ya tisa. Siku hizi kwenye meza zangu tatu (ndiyo, tatu, na zote zangu) hakuna simu inayofunguliwa kabla mwenyewe hajahamisha vitu vyake, na chipu yoyote inayotoka inaingia kwenye kifuko chenye jina, inakaa miezi sita.

Nilimtumia kijana wa Morogoro haya yote usiku uleule, kwa sauti, dakika kumi na moja. Asubuhi nikakuta amesikiliza. Akajibu: "Asante kaka, nimekuelewa sana. Nitachukua hiyo inayofunguka. Ya zambarau ipo?"