Usiuze kiwanja kabla hujawapigia simu waliokutangulia

Nimekuja likizo Dar, na wiki iliyopita daktari kijana aliyemaliza intanshipu mwaka huu alinisubiri nje ya geti la Muhimbili, nikitoka kumsalimia mwalimu wangu. Kwenye simu yake kulikuwa na baruapepe ya profesa mmoja wa upasuaji wa ubongo huko Marekani: amekubali kumpokea mwaka mzima kama mtafiti, bila mshahara, na kijana anatumaini mwaka huo utamfungulia nafasi ya kusomea ubingwa hukohuko. Mama yake yuko tayari kuuza kiwanja cha Chanika ili apate pesa ya kujikimu. Akaniuliza, "Kaka, niende?"

Tulikaa Upanga kwa muda wa karibu saa mbili tukizungumza. Swali la kwanza nililomrudishia ni hili: watafiti waliopita mikononi mwa huyo profesa, leo wako wapi? Hakujua. Hakuwa amefikiria kuuliza, na simlaumu, kwa sababu hata mimi sikuuliza.

Nilipokwenda mara ya kwanza nilifurahi mno kukubaliwa, nikaona kuuliza maswali ni kukosa adabu. Miezi kumi nilisoma mafaili ya wagonjwa na kuingiza takwimu kwenye REDCap, programu ya kompyuta ya kutunzia takwimu za utafiti, asubuhi hadi usiku. Profesa nilikutana naye ana kwa ana mara mbili. Makala iliyotokana na takwimu zile ilipotoka, jina langu halikuwemo. Nilipoomba barua ya kuniombea nafasi ya ubingwa nilipewa nusu ukurasa, maneno ambayo yangemfaa mtu yeyote aliyewahi kupita kwenye ile ofisi. Miezi mitatu ya mwisho nililala sebuleni kwa Mtanzania mwenzangu kwa sababu akiba ilikwisha. Nayasema haya kwa uchungu, na ningependa yasimpate mwingine.

Kinachotafutwa kwenye mwaka wa utafiti ni mtu mmoja, daktari wa upasuaji anayefahamika na wenzake, ambaye siku ikifika atanyanyua simu na kusema, "Huyu namjua, mchukueni." Wengi wetu tunadhani tunakwenda kukusanya makala. Makala zinasaidia, lakini tangu tarehe 26 Januari 2022 mtihani wa USMLE Step 1, hatua ya kwanza ya mitihani ya leseni ya udaktari Marekani, hautoi tena alama, ni kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo namba kubwa ambayo zamani ilimfanya mtu wa Kiafrika aonekane kwenye rundo la maombi haipo. Imebaki alama ya Step 2 CK, mtihani wa hatua ya pili, kazi ulizoandika, na barua. Anayesoma maombi yako hajui chuo chako, lakini anamjua aliyetia saini barua.

Na hapa kuna ugumu ambao sikuambiwa. Ukiwa na viza ya J-1 ya mtafiti huruhusiwi kutibu wagonjwa. Profesa hatakuona ukishona jeraha, wala hatajua kwamba wodini Sewahaji, pale Muhimbili, ulisimama zamu usiku kucha. Atakujua kwa kikao cha Jumatatu: kama takwimu zako ni safi, kama rasimu uliyoahidi Ijumaa imefika Ijumaa, kama unakiri kosa kabla hajaligundua. Profesa ambaye hakai na watafiti wake hana njia ya kukujua, hata jina lake liwe kubwa namna gani.

Kwa hiyo andika na kuuliza, kwa heshima lakini waziwazi. Nitakutana na wewe mara ngapi kwa mwezi? Jina langu litakaa wapi kwenye makala nitakazofanyia kazi? Naweza kuhudhuria vikao vya idara na kuingia chumba cha upasuaji kutazama? Naomba majina ya watafiti wawili au watatu uliowapokea kabla yangu. Mtu mwema hujibu. Akikasirika kwa sababu ya maswali hayo, umepata jibu bila kukata tiketi.

Jambo la viza halitaki haraka. Chuo kikuu ndicho kinachokupa fomu ya DS-2019, ya kuombea viza hiyo, na lazima uonyeshe pesa ya kuishi muda wote, ulipwe usilipwe. Ukiifunga programu yako ya mtafiti, yaani kipindi kilichoandikwa kwenye fomu hiyo, huwezi kuanza nyingine ya aina hiyohiyo mpaka ipite miezi 24. Mimi niliokoka kwa sababu nilihamishia programu yangu chuo kingine kabla haijafungwa, na huko nikampata mama mmoja mpasuaji aliyekaa na mimi kila wiki. Barua yake ndiyo iliyonipa nafasi niliyonayo. Kama ningerudi nyumbani kwa hasira baada ya ile miezi kumi, mlango ungefungwa.

Kuhusu takwimu za jumla, zisikupe faraja ya uongo. Mwaka 2024, kati ya waombaji waliosoma nje na wasio raia wa Marekani, asilimia 58.5 walipata nafasi ya mwaka wa kwanza wa ubingwa kupitia NRMP, mfumo wa Marekani wa kuwapangia madaktari nafasi hizo. Lakini wengi wao wako kwenye magonjwa ya ndani na fani kama hizo. Ubongo, mifupa na upasuaji wa kurekebisha maumbile ni hesabu nyingine kabisa. Tena kwenye upasuaji wa jumla kuna nafasi kamili za miaka mitano, na kuna za mwaka mmoja, zile wanazoziita prilimu, ambazo mwaka ukiisha hakuna aliyekuahidi kitu. Jua unaomba ipi.

Lililonigusa zaidi ni kwamba kijana huyu anataka kwenda kujifunza utafiti ugenini hali hajaandika hata ukurasa mmoja kuhusu wagonjwa aliowahudumia hapa. Taasisi ya Mifupa, MOI, inapokea majeruhi wa bodaboda wa kichwa na mifupa kila siku ya Mungu. Ina ushirikiano na vyuo vya Marekani: Weill Cornell ya New York kwa upande wa ubongo, na UCSF ya San Francisco kwa upande wa mifupa. Madaktari wao hufika Dar, unaweza kusalimiana nao koridoni. Chukua swali moja lililokukera wodini. Mtafute daktari bingwa akusimamie, omba kibali cha maadili cha MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, au NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na ukumbuke kwamba takwimu zikitoka nje ya nchi zinahitaji mkataba wake. Jifunze R au Stata, programu za kuchambua takwimu, jioni. Makala moja ya namna hiyo, kwenye jarida lisiloahidi kukuchapisha wiki ijayo ukilipa, inakutambulisha kuliko baruapepe mia moja za kuomba.

Nilimuuliza pia anataka kufanya kazi wapi akiwa na miaka arobaini. Akasema Tanzania, bila kusita. Basi nikamwambia aitazame kwa makini M.Med ya Muhimbili, shahada ya ubingwa, na njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji chenye makao yake Arusha. Huko utashika kisu wakati mwenzako bado anaingiza takwimu. Mimi sijutii kuondoka, lakini siwezi kumwambia mtu kwamba njia yangu ni ya juu kuliko ya wale waliobaki, maana baadhi yao leo wanafanya upasuaji ambao mimi bado nausaidia tu.

Alituma yale maswali usiku uleule. Profesa amejibu kwa majina matatu. Jana kijana ameniambia wawili wamepokea simu yake na wa tatu ameomba wazungumze Jumapili. Mama ameambiwa asubiri, na dalali wa Chanika naye ameambiwa hivyohivyo.